Unyunyu wa majira ya baridi: udi, msandali na miski kwa tulioko thelujini

Mpemba_Thelujini (Minneapolis)

Wakuu, salaam.

Kila Novemba ikiingia napata swali lile lile kutoka kwa ndugu waliohamia huku majuzi: pafyumu niliyokuwa nasifiwa nayo Dar, huku hainukii kabisa, je, nimeuziwa feki? Hukuuziwa feki. Ni baridi. Badala ya kumjibu mmoja mmoja faragha nimeona nifungue uzi, wenye ujuzi waongezee.

Niko Minnesota, Marekani. Januari hapa kipimajoto kikishuka nyuzi 20 chini ya sifuri hakuna anayeshangaa, watoto wanakwenda shule na mabasi yanatembea. Kwa hiyo nazungumzia baridi yenyewe, siyo ile mvua ya London (wa London msinune).

Harufu ni chembe zinazoruka kutoka mwilini mwako hadi puani mwa mwenzio, na kinachozirusha ni joto. Ngozi ikipoa, zinazoruka ni chache. Tena pua nayo kwenye hewa kavu ya baridi inakauka, haishiki vizuri. Sasa pafyumu zetu tulizozizoea kwenye joto la pwani ni zile nyepesi: ndimu, chungwa, maua, "harufu ya bahari". Limonini, ile inayobeba harufu ya ndimu na chungwa, ina uzito wa molekuli 136. Santaloli ya msandali ni 220. Galaxolide, miski ya maabara iliyojaa kwenye sabuni za kufulia na pafyumu nyingi, ni 258. Zile nyepesi zikishaondoka hazina cha kuacha nyuma. Nzito zinakaa kwenye ngozi na kwenye sufu, zinatoka taratibu kila mwili unapozipasha. Ndiyo maana chupa ambayo Kariakoo saa saba mchana ingekufukuzia abiria kwenye daladala, huku inageuka kitu cha heshima.

Hoja yangu kubwa ni hii: usijipulizie kwa ajili ya barabara, jipulizie kwa ajili ya chumba utakachoingia. Barabarani hakuna anayekusikia. Una koti, skafu, kofia, upepo unakukata uso, na mtu wa karibu yuko mita mbili akiwaza miguu yake. Mtu mpya akijinusa pale kituoni, haoni kitu, anaongeza. Anaongeza tena. Kisha anapanda basi lenye hita, nyuzi 22, anafungua zipu ya koti, na ile hewa yote iliyokuwa imefungiwa kifuani inatoka kwa mpigo mmoja. Mama wa kiti cha mbele anageuka. Yeye mwenyewe bado hajui kwa sababu pua yake imeshachoka na harufu hiyo tangu nyumbani.

Mimi ninavyofanya: nikitoka kuoga napaka losheni isiyo na harufu au Vaseline kidogo kifuani na nyuma ya shingo, maana ngozi ya majira haya inanyonya pafyumu kama mchanga wa ufukweni unavyonyonya maji. Kisha pafyumu, mipulizo miwili: mmoja kifuani chini ya fulana, mmoja nyuma ya shingo. Nasubiri ikauke ndipo navaa. Viganja vya mikono nimeviacha, vinaingia kwenye glavu na vinaoshwa mara kwa mara. Kama ni atari ya mafuta, tone moja, nalipangusia kwenye upande wa ndani wa skafu ya sufu. Sufu ndiyo siri. Inashika miski wiki nzima, na kila ukipumulia ndani ya skafu unaipasha, inakurudishia.

Za kuanzia:

Narciso Rodriguez For Her ya mwaka 2003, miski safi yenye ubao kwa chini. Wameiuza kama ya kike, lakini shemeji yangu anaivaa na hakuna aliyewahi kumwuliza. Tam Dao ya Diptyque kwa wapenda msandali mkavu. By the Fireplace ya Maison Margiela, moshi wa kuni na vanila, inapendwa sana na watu wa huku. Mimi naiona tamu mno, lakini ndiyo inayosifiwa na watu wa ofisini. Oud Wood ya Tom Ford (2007) ni udi ulionyoshewa pasi, wa kuvaa na suti, ila 50 ml ni karibu dola 300, kwa hiyo tuiheshimu tukiwa mbali. Kwa mfuko wa kawaida, Khamrah ya Lattafa ya Dubai iliyotoka 2022: mdalasini, tende, vanila. Dola 30 na ushee. Mpulizo mmoja, nasema tena mmoja.

Nawasilisha. Karibuni.

---

Kichwa_Ngumu (Dar)

Yaani upo kwenye barafu, umevaa makoti manne, umebaki macho tu kama ninja, halafu unajipulizia dola 300. Ili iweje mkuu?

---

Mpemba_Thelujini

Ndiyo maana nimesema chumba, siyo barabara. Koti linavuliwa mlangoni, mkuu. Na hiyo ya dola 300 nimesema tukae nayo mbali, usinilishe maneno.

---

Jirani_Mwema

Naweka kambi hapa. Mama watoto analalamika kila siku kwamba nanuka supu.

---

Mama_Chetezo (Muscat)

Waalaykum salaam. Nimesoma nikacheka, kwa sababu hayo anayoyaita siri, bibi zetu wa Mkunazini na Malindi, Unguja, walikuwa wanayafanya bila hita wala theluji. Nguo hufukizwa. Hupulizi kitu.

Huku Muscat "baridi" yetu ni nyuzi 18 usiku, kwa hiyo mkinicheka sawa. Lakini ikifika Desemba watu hubadilisha manukato kabisa. Zile za waridi na maua zinarudi kabatini, unatoka udi, ambari, msandali, zafarani. Hapa ndipo ilipozaliwa kampuni ya manukato ya Amouage mwaka 1983, kwa matakwa ya Sultan Qaboos wa Oman, wakamchukua Mfaransa Guy Robert awatengenezee pafyumu ya Gold. Ndani yake umo ubani wa Dhofar, huu huu tunaochoma majumbani.

Sasa namna ya kufukiza koti la baridi. Koti lilale juu ya kiti au tenga, chetezo (chombo cha kufukizia) kiwe chini, mbali kidogo. Kaa likishaiva, limeshika majivu meupe juu, ndipo unaweka kipande cha udi. Kikiwekwa kwenye kaa jekundu kinaungua na kunuka moshi tu, na hapo udi wa watu umeuharibu. Ule moshi wa kwanza mzito uache upite, unaofuata mwembamba ndio mtamu. Fukiza koti kwa ndani, dakika chache tu, ligeuze, basi. Litanukia siku nyingi na hakuna atakayesema umejimwagia kitu. Siku mbili za mwanzo linasema moshi, siku ya tatu ndipo linasema udi.

Na udi wa kupika nyumbani, ule wa sukari na marashi ya waridi, vipande vimeroweshwa mafuta ya miski, kwa koti la sufu haufai sana. Ule ni wa nyumba na wa nywele. Una sukari, unanata.

---

Kijana_wa_Leeds

Mama Chetezo mimi nilijaribu udi ndani ya chumba changu, king'ora cha moshi kikalia jengo zima, tukatolewa nje na pajama. Wanafunzi wa nchi saba tumesimama kwenye baridi wananiangalia.

---

Mama_Chetezo

Pole mwanangu 😂 Chetezo cha umeme kipo, kinapasha bila kaa. Kinaweka moshi mdogo sana ukikishusha moto. Na hili niliseme bila utani: kaa la moto ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ni hatari, hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na haikuamshi. Nyumba zetu za Unguja zina upepo wa juu na chini, za huko zimezibwa kila ufa. Mkaa usiuwashe kabisa ndani huko. Umeme tu.

---

Nesi_wa_Zamu (Halifax)

Niongezee upande ambao hamjaugusa. Huku Halifax, Kanada, hospitali, shule na ofisi nyingi zina sera ya kutokuvaa manukato kazini. Bango liko mlangoni kabisa. Siyo ubaguzi wala chuki kwa watu wa pwani. Wapo wagonjwa wa pumu, wapo wanaopata kipandauso kwa harufu kali, na majira ya baridi madirisha hayafunguliwi miezi mingi.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kazini siendi na kitu, hata losheni yangu haina harufu. Lakini hapa ndipo koti la kufukizwa linapoleta tabu: siwezi kulivaa kazini, kwa sababu sufu haijui kwamba leo ni zamu. Kwa hiyo nina makoti mawili. La kazi, ambalo halikaribii udi na linatundikwa chumba kingine, na la Ijumaa, harusi na kutembeleana. Skafu hivyo hivyo.

Wageni wanaokuja huku wajue hilo mapema. Nimeona mtu ameitwa pembeni wiki yake ya kwanza ya kazi, aibu tupu, na hakuna aliyemwambia kabla.

---

Mpemba_Thelujini

Dada Nesi umenena. Hili la makoti mawili nalichukua. Na walio darasani au wanaopanda ndege wakumbuke pia: aliyekaa karibu yako hana pa kukimbilia.

---

Kichwa_Ngumu

Swali la kweli sasa, siyo utani. Hiyo Khamrah na wenzake, na zile za kupima tunazonunua Kariakoo zimeandikwa "Oud", je, ni udi kweli? Kwa sababu nasikia udi ni ghali kuliko dhahabu.

---

Mpemba_Thelujini

Swali zuri. Karibu zote siyo udi wa mti. Udi wa kweli unatoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria, ya Assam kule India, Kambodia, Malaysia, Indonesia na kwingine Asia ya Kusini Mashariki. Mti mzima wenyewe haunukii chochote. Ni mweupe, mwepesi. Ukishajeruhiwa na kushikwa na kuvu ndipo unajilinda kwa kutoa utomvu mweusi, na ule mbao uliolowa utomvu ndio udi. Mti usiougua hauna kitu. Watu walikata hovyo wakitafuta wenye ugonjwa, ndiyo maana Aquilaria malaccensis iliingizwa kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) mwaka 1995 na jamii nzima ikafuata miaka ya 2000. Siku hizi yapo mashamba ambapo miti inatobolewa na kuambukizwa makusudi.

Mafuta yake huuzwa kwa tola, kama gramu 11.7. Tola ya daraja la juu inafika bei ya bodaboda mpya. Kwa hiyo chupa ya 100 ml ya dola 30 iliyoandikwa udi, udi wake umetoka maabara. Siyo wizi, ndivyo ilivyo hata kwa majina makubwa ya Paris. Watu wa Ulaya wenyewe wameuzoea udi juzi tu. M7 ya Yves Saint Laurent ya 2002 ndiyo iliyowafungulia mlango, kisha kila kampuni ikataka ya kwake.

Mimi nasema: ya maabara ivae bila wasiwasi. Kinachokera ni muuzaji anayekuapia kwa Mungu kwamba ni mafuta safi ya Assam kwa elfu kumi na tano.

---

Tanga_Raha

Na miski je? Mzee wangu aliniambia ni ya mnyama.

---

Mpemba_Thelujini

Ilikuwa. Dume la kulungu wa miski wa milima ya Himalaya ana kifuko chini ya tumbo, na walikuwa wanamwua kukipata. Leo analindwa na CITES, na miski iliyomo kwenye chupa za dukani ni ya maabara. Ilianza kwa bahati: mwaka 1888 mkemia Mjerumani Albert Baur alikuwa anachezea jamii ya TNT akitafuta baruti bora, akaona kitu kinanukia miski. Fikiria, manukato ya bibi harusi yametokea kwenye baruti.

Zabadi, ule uto unaonukia wa mnyama fungo, ndiyo jirani yetu. Ethiopia wameifuga na kuiuza karne na karne. Hiyo nayo sasa ni ya maabara kwa sehemu kubwa.

---

Jirani_Mwema

Wakuu nina tatizo. Nimenunua hiyo Narciso. Mimi siisikii kabisa!! Nimejipulizia sita, hakuna kitu. Mama watoto amefungua dirisha, nje nyuzi 11 chini ya sifuri, ananiambia nakaba koo. Nani mwongo kati yetu?

---

Mpemba_Thelujini

Hakuna mwongo. Miski ina tabia hiyo. Molekuli zake ni kubwa, na pua za watu zimeumbwa tofauti; wapo wasioisikia Galaxolide kabisa lakini wanaisikia miski nyingine vizuri, wapo kinyume chake. Ndiyo sababu watengenezaji huchanganya miski kadhaa kwenye chupa moja, ili kila pua ipate chake. Molecule 01 ya Escentric Molecules (2006) ndiyo maarufu kwa mchezo huu: inakuja, inapotea, inarudi baada ya saa mbili, na aliye karibu anaisikia wakati wewe huisikii.

Dawa yake: mwache shemeji awe kipimo. Mpulizo mmoja, umwulize, uamini jibu lake. Sita siyo pafyumu tena mkuu, hiyo ni kupiga dawa ya mbu.

---

Jirani_Mwema

Amesoma jibu lako. Amesema utakuja kula kwetu.

---

Mkinga_Halisi (Makete)

Jamani msijione ni ninyi tu wenye baridi. Juni hadi Agosti huku kwetu sakitu inalala kwenye viazi, na kule Kitulo asubuhi majani yote meupe. Tofauti yetu na ninyi ni moja kubwa: huku ndani nako ni baridi. Hakuna hita. Kwa hiyo ile hoja ya "jipulizie kwa ajili ya chumba" kwetu haisimami. Ukiingia dukani ni baridi, ukiingia kanisani ni baridi, ofisi ya kata ni baridi na mlango uko wazi.

Joto pekee liko jikoni kwenye moto wa kuni, na ukikaa pale nusu saa unatoka unanukia moshi wa mkaratusi mpaka wiki ijayo. Sasa mimi nimegundua kitu: pafyumu nyepesi ikikutana na moshi ule inakuwa kichefuchefu. Ndimu na moshi, hapana. Lakini ya ubao, ya msandali au vetiva (mizizi ya nyasi inayonukia), inashikana na moshi vizuri kabisa, mtu anadhani ni mpango. Kwa hiyo sisi tunaihitaji hiyo mizito kuliko ninyi, tena kwa wingi kidogo. Mpulizo wa tatu huku haumuui mtu.

---

Mpemba_Thelujini

Hii ni pointi kali, nilikuwa sijaifikiria. Kubali: panapokosekana hita, sheria yangu inageuka. Kwenu nadhani ngozi chini ya sweta ndiyo hita pekee, ipake hapo.

---

Mlima_Baridi (Limuru)

Mko sawa wadau. Sisi hapa Limuru Julai ukungu haondoki hadi saa sita, na nyumba ni hivyo hivyo, hakuna moto isipokuwa jiko. Mimi navaa ya msandali chini ya sweta na jaketi juu, nikifika Nairobi mjini kwa matatu nimepashwa tayari.

Lakini nataka kugusa hili la msandali, maana hapa kwetu ni jambo la polisi. Upo mti wetu, Osyris lanceolata, ambao wengi wanauita msandali ingawa siyo ule wa India. Mafuta yako kwenye kiini cha shina na mizizi, kwa hiyo majangili hawakati tawi, wanang'oa mti mzima. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji 2007, na 2013 CITES ikauweka kwenye orodha pamoja na wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Bado malori yanakamatwa yakitoka Samburu na Baringo. Mwenye mbuzi kule analipwa pesa ndogo ya kilo, na anayepata faida anakaa mbali kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuuzia "mafuta ya msandali asilia ya Afrika Mashariki" kwenye chupa isiyo na jina, mwulize karatasi.

---

Tanga_Raha

Asante Mlima. Na liwa tunayojisinga, ile ya unga wa msandali?

---

Mama_Chetezo

Liwa ya sokoni nyingi sasa imechanganywa, ndugu yangu. Nunua kipande cha mti, usage mwenyewe kwenye jiwe na marashi ya waridi. Utajua kwa jinsi inavyokaa mkononi.

Na kwa mlioko kwenye baridi, msiidharau singo. Siyo ya bibi harusi peke yake. Karafuu, mlangilangi, liwa, maua yaliyokauka, unasugua mwili mara moja kwa wiki, ngozi iliyokauka inatoka. Juu ya hapo paka mafuta, kisha tone moja la miski. Hutahitaji chupa ya dola 300 ya mtu yeyote. Watu wanatafuta ubao na miski kwenye maduka ya Ufaransa na sisi tulizaliwa navyo, ni kwamba kwa joto letu tulivitumia usiku tu, jua likishatua.

---

Kijana_wa_Leeds

Kuna hili pia: Ramadhani ya 2026 inaangukia Februari na Machi, msikiti wetu wa hapa unajaa tarawehe, hita zimewashwa, makoti yametundikwa pamoja ukumbini. Mwaka jana makoti yalinukiana mpaka langu likarudi na harufu ya udi wa mtu mwingine. Tena mzuri kuliko wangu. Je, niende na atari au pafyumu ya kupuliza? Wengine wanasema ya pombe haifai.

---

Mpemba_Thelujini

Masuala ya pombe kwenye manukato waulize masheikh wako, wametofautiana na mimi siingii hapo. Kwa upande wa harufu tu: atari ya mafuta ni bora kwa safu. Haina ule mlipuko wa mwanzo wa pombe, inakaa karibu na mwili, na aliye bega kwa bega nawe anaipata kidogo tu ukirukuu. Tone moja nyuma ya masikio. Ukumbi wenye watu mia tatu na hita, kila mmoja na udi wake, unatosha wenyewe.

Kuhusu lile koti, mtafute mwenyewe umwulize anafukiza nini, halafu uje utuambie hapa.

---

Kichwa_Ngumu

Sawa nimekubali, mdogo wangu anakuja Toronto Januari, nimwagizie nini? Na ajaribuje dukani? Kwa sababu kile kikaratasi cha testa kinadanganya.

---

Mpemba_Thelujini

Kikaratasi kinakupa dakika kumi za mwanzo, na kwa pafyumu za ubao dakika kumi za mwanzo hazina maana, kitu chenyewe kiko chini. Apulizie mkono mmoja pafyumu moja, siyo tano. Atoke nje atembee kwenye baridi, aingie dukani tena au kwenye treni, asikie inavyobadilika. Asinunue siku hiyo. Asubuhi anuse mkono wa sweta: kilichobaki pale ndicho atakachoishi nacho miezi minne.

Akikosa subira, anunue vichupa vidogo vya kuonjea vya 2 ml, vinauzwa mtandaoni, ni vya dola chache. Na Shalimar ya Guerlain aijaribu hata kama hatainunua, ipo tangu 1925, vanila na moshi, nyingi ya hizi tamu za leo ni wajukuu zake.

---

Nesi_wa_Zamu

Na asinunue akiwa na mafua. Nimeona mengi.

---

Jirani_Mwema

La mwisho kutoka kwangu. Nimesahau chupa na kichupa cha halwaridi kwenye gari usiku kucha, nyuzi 19 chini ya sifuri. Chupa ya kupuliza iko vilevile, halwaridi imekuwa kama samli. Imeharibika?

---

Mpemba_Thelujini

Haijaharibika, tena hongera, ni dalili nzuri. Mafuta halisi ya waridi huanza kuganda hata kwenye nyuzi 20 juu ya sifuri kwa sababu yana nta yake ya asili. Ya kuchakachua mara nyingi hayagandi hivyo. Ishike kiganjani dakika chache itayeyuka. Ya kupuliza haigandi kwa sababu sehemu kubwa ni ethanoli (pombe), na ethanoli safi haigandi mpaka ifike nyuzi 114 chini ya sifuri.

Usiipashe kwa hita wala kuiweka juu yake, na usizihifadhi bafuni. Joto la kupanda na kushuka linaziua kuliko baridi. Droo ya nguo inatosha, karibu na skafu.